Kwa nini vifaru vyangu vinaishiwa nguvu kabla ya kufika Stalingrad? Swali kuhusu ugavi katika Unity of Command

Mkaazi wa Ng'ong'ona

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa michezo ya mikakati ya vita inayochezwa kwa zamu. Kwa muda sasa ninacheza Unity of Command, ule wa kwanza uliotoka mwaka 2011, unaohusu mapambano ya Wajerumani na Wasovieti kuanzia kiangazi cha mwaka 1942. Niliuchagua kwa kuwa unafanya kazi vizuri kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na kwa kuwa mchezo wa zamu humpa mchezaji nafasi ya kufikiri kabla ya kuamua, jambo ambalo sikulipata katika michezo ya kufyatua risasi.

Kwa wasioufahamu, ramani yake imegawanywa katika vyumba vya pembesita, kikosi kimoja kwa kawaida huwakilisha divisheni nzima, yaani maelfu ya askari, na kila pambano lina idadi maalumu ya zamu pamoja na miji ambayo ni lazima itekwe kabla zamu hizo hazijaisha. Ninaongoza upande wa Wajerumani. Mwanzoni mambo huwa mazuri: askari wa miguu wanafungua mwanya, vifaru vinapita, na miji ya karibu inaanguka. Baada ya hapo hali hugeuka. Vikosi vya mbele hupata alama ya kukosa ugavi, mashambulizi yao yanakuwa dhaifu, kisha hata mwendo wao unapungua. Mara nyingi chanzo chake ni kikosi kimoja tu cha wapanda farasi wa Kisovieti ambacho kompyuta imekipenyeza nyuma yangu, mahali ambapo sikudhani kwamba pana maana yoyote.

Ningependa kujua, je, kuna namna ya kutambua mapema kwamba vifaru vimefika mwisho wa kamba yao, badala ya kusubiri alama itokee? Na je, uzito huu wote uliowekwa kwenye ugavi unatokana na historia yenyewe, au watengenezaji wameukuza ili mchezo uwe mgumu?

Fundi wa Kisasa

Ndugu, karibu sana. Swali lako la kwanza ndilo moyo wa mchezo huu, na jibu lake lipo kwenye kitufe ambacho wachezaji wengi wapya hukibonyeza wakiwa wameshachelewa, yaani kile kinachobadilisha ramani ikaonyesha eneo la ugavi. Kibonyeze kabla hujasogeza kikosi hata kimoja, kibonyeze tena katikati ya zamu, halafu ukibonyeze mara ya mwisho kabla ya kumkabidhi adui zamu yake.

Utakachokiona ni hiki. Ugavi unaanzia kwenye vituo vilivyo pembezoni mwa ramani, upande wako, unasafiri kwa reli, kisha unasambaa kutoka kwenye reli kwa umbali wa vyumba vichache tu. Umbali huo hutegemea ardhi na hali ya hewa: kwenye nyika kavu unasambaa vizuri, kwenye vinamasi na kwenye matope unafupika. Ndiyo maana chumba kilicho karibu na vifaru vyako kinaweza kuwa hakina ugavi hata kama hakina adui, kwa sababu tu kiko mbali mno na reli. Kwa hiyo usiulize kama mbele pako wazi. Uliza kama reli inayoelekea huko iko mikononi mwako tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mfano wa zamu moja. Reli yako inatoka magharibi, inafika kwenye mji wenye makutano ya njia mbili, kisha inaendelea mashariki hadi kwenye daraja la mto Don. Mji wa makutano bado una divisheni moja ya adui iliyochoka. Divisheni zako mbili za vifaru zimekwisha kupita kando ya mji huo na mbele yake hakuna mtu. Mwenye haraka atazikimbiza zote mbili hadi kwenye daraja na kuuacha mji kwa ajili ya zamu inayofuata. Katika zamu ya adui, ile divisheni iliyochoka haihitaji kufanya lolote. Kule kukaa kwake tu kwenye makutano kunatosha kufunga reli, na vifaru vyako vitaamka vikiwa kwenye daraja bila mafuta wala risasi.

Anayesoma reli hufanya kinyume. Kwanza anaushambulia mji kwa askari wa miguu, na anatumia ndege zake hapo hapo, si kwenye daraja. Ukiweka kielekezi juu ya adui, mchezo unakuonyesha makadirio ya hasara ya pande zote mbili, kwa hiyo anza na shambulio ambalo linamchosha adui kwa gharama ndogo, halafu malizia na kikosi chenye nguvu zaidi. Mji ukishaanguka, divisheni moja ya vifaru inakwenda mbele ikifuata reli, na ya pili inabaki kwenye bega la mwanya, yaani ukingoni mwake, hadi askari wa miguu wafike kuipokea. Utakuwa umesogea vyumba vichache kuliko yule mwenye haraka, lakini katika zamu inayofuata vifaru vyako vyote viwili vitashambulia kwa nguvu kamili.

Kuhusu yule mpanda farasi wa Kisovieti, kumbuka kwamba kila kikosi kinadhibiti vyumba sita vinavyokizunguka, na adui akiingia humo mwendo wake unabanwa. Maana yake ni kwamba huhitaji ukuta wa askari waliogusana mabega. Vikosi viwili vyenye vyumba viwili vitupu katikati yao bado vimeufunga mlango, kwa sababu kila chumba kitupu kinapakana na kimojawapo. Vyumba vitatu vitupu tayari ni mwanya. Kompyuta ya mchezo huu ni hodari sana wa kuitafuta nafasi ya namna hiyo, na ikiipata haitakwenda kukushambulia, bali itakwenda moja kwa moja kukaa juu ya reli.

Kijana wa Makole

Ninakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila ninaomba niongeze jambo linaloelekea upande mwingine, kwa sababu nimeona watu wakiushika ushauri wa ugavi hadi wakawa waoga na kumaliza zamu zote wakiwa bado wanapanga safu.

Mchezo huu unahesabu muda. Ukiuteka mji mapema unapata alama nyingi zaidi, na alama hizo ndizo zinazokununulia askari wa nyongeza katika mapambano yanayofuata, kwa hiyo mwendo wa konokono una gharama yake ambayo huioni leo. Vilevile, kikosi kilichokatiwa ugavi hakifi siku hiyo hiyo. Hudhoofika hatua kwa hatua. Kwa hiyo ninapopanga, ninaanza kwenye zamu ya mwisho na kuhesabu kurudi nyuma: ili mji wa mwisho uanguke kwa wakati, vifaru vinatakiwa viwe wapi zamu moja kabla, na zamu mbili kabla? Katika zile zamu mbili za mwisho niko tayari kabisa kuiacha reli ikatwe, kwa sababu pambano litakuwa limekwisha kabla njaa haijawauma askari wangu. Kutoa sadaka ugavi katika zamu za mwanzo ni kujimaliza, lakini kuutoa sadaka mwishoni ni hesabu halali.

Mwalimu wa Historia, Kondoa

Ndugu Mkaazi, waliotangulia wamekujibu vema kuhusu uchezaji, nami nitashughulikia swali lako la pili. Watengenezaji hawakuzidisha chumvi. Kama kuna kampeni moja katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ambayo ugavi uliiamua, basi ni hiyo unayoicheza.

Mashambulizi ya Wajerumani kusini mwa Urusi yalianza tarehe 28 Juni 1942, na shabaha yake kuu ilikuwa mafuta ya Kaukazi. Tarehe 23 Julai Hitler aliamuru kundi moja la majeshi lielekee Kaukazi na jingine lielekee Stalingrad kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kamba ilipogawanywa mara mbili. Magari yalisimama nyikani yakisubiri petroli ambayo ilikuwa inasafirishwa kutoka mbali sana, tena kwa reli chache.

Reli hizo nazo zilikuwa na tatizo ambalo sisi wa mkoa huu tunaweza kulielewa bila kuchora picha. Hapa Dodoma tuna reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 na tuna SGR yenye upana wa milimita 1,435, na kila mtu anajua kwamba treni ya SGR haiwezi kuhamia kwenye reli ya zamani. Wajerumani walikutana na hali kama hiyo: reli zao zilikuwa na upana wa milimita 1,435, ilhali za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524. Kila kilomita waliyoiteka ilibidi ing'olewe upande mmoja na kupigiliwa upya kabla treni zao hazijapita, au watumie mabehewa na injini walizowanyang'anya Wasovieti, ambazo hazikutosha. Kwa hiyo unapoona kwenye ramani yako kwamba mji umetekwa lakini ugavi haujaufikia, unaangalia jambo ambalo maofisa wao wa reli walilipigania usiku na mchana.

Matokeo yake unayajua. Jeshi la Sita chini ya Jenerali Friedrich Paulus liliingia Stalingrad, na ubavu wake mrefu kando ya mto Don ukaachiwa majeshi ya Hungaria, Italia na Romania, ambayo hayakuwa na silaha za kutosha za kuzuia vifaru. Tarehe 19 Novemba 1942 Wasovieti walipiga kaskazini, kwenye Jeshi la Tatu la Romania, na siku iliyofuata wakapiga kusini mwa mji. Hawakwenda kupigana na Paulus mwenyewe. Walikwenda Kalach, kwenye daraja la Don ambalo lilikuwa njia muhimu ya ugavi wake, wakaliteka tarehe 22, na siku ya pili yake pande mbili zikakutana. Zaidi ya askari 200,000 wakafungiwa ndani. Jeshi hilo lilihitaji angalau tani 300 za mahitaji kwa siku. Ndege zilifikisha wastani wa takriban tani 100. Wa mwisho walisalimu amri tarehe 2 Februari 1943, na waliochukuliwa mateka walikuwa takriban 91,000.

Ukikaa na takwimu hizo utaona kwamba yule mpanda farasi mmoja anayekaa juu ya reli yako anafanya kwa udogo kile ambacho Wasovieti walikifanya kwa ukubwa.

Ninaomba kuongeza mfano wa nyumbani, kwa kuwa ninafundisha umbali mfupi tu kutoka mahali ulipotokea. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, divisheni ya Jenerali van Deventer, upande wa Waingereza, iliteremka kutoka Arusha na kuiteka Kondoa. Iliteremka kwa kasi kubwa, ikiwa na askari wapanda farasi wengi, na kwenye ramani ilionekana kwamba Dodoma na Reli ya Kati viko karibu kabisa. Kisha masika makubwa yakafunga njia. Magari ya mizigo yalizama matopeni, farasi walikufa kwa maradhi, na askari wakaishi kwa posho iliyopunguzwa. Wajerumani, ambao reli yao ilikuwa imefika Dodoma tangu mwaka 1910, walisafirisha askari kwa treni, wakapanda kwa miguu hadi Kondoa na kushambulia usiku wa tarehe 9 Mei. Walishindwa kuirudisha Kondoa, lakini van Deventer naye hakuweza kusogea mpaka ardhi ilipokauka, na Dodoma haikuanguka hadi tarehe 29 Julai. Kondoa na Dodoma zinatenganishwa na takriban kilomita 160. Katika mchezo wako ungeitwa umbali wa zamu mbili, na mtu angeshangaa kwa nini vifaru havifiki.

Mkaazi wa Ng'ong'ona

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimerudia pambano langu kwa kufuata mpango wa Fundi, nikauteka mji wa makutano kwanza, na kwa mara ya kwanza vifaru vimefika kwenye mto vikiwa na nguvu zote. Ushauri wa Makole nimeutumia katika zamu ya mwisho kabisa, nikaacha reli ya kusini ikatwe, na mji ukaanguka kwa wakati.

Hata hivyo, maelezo ya Mwalimu yamenizulia wazo jingine ambalo limekataa kunitoka. Je, inawezekana kutengeneza pambano la Kondoa la mwaka 1916 kwa kanuni za namna hii, ambapo mchezaji mmoja anashika reli ya Dodoma na mwingine anateremka kutoka Arusha? Ninafikiria kuanza na karatasi na vibao, kabla ya kugusa programu yoyote.

Fundi wa Kisasa

Hongera kwa ushindi. Wazo lako ni zuri sana, na kuanza na karatasi ndiyo njia sahihi, kwa sababu kanuni mbovu huonekana mapema zaidi mezani. Chora ramani ndogo: Kondoa kaskazini, Dodoma kusini, mto Bubu magharibi, na njia inayopita Mayamaya katikati. Mjerumani apewe chanzo cha ugavi kinachotembea kwenye reli, na uwezo wa kuhamisha vikosi kwa treni katika zamu moja. Mwingereza apewe vikosi vyenye mwendo mkubwa na chanzo kimoja tu kilicho mbali kaskazini. Zamu za Aprili na Mei ziwe za mvua, ambapo ugavi wa magari unapungua hadi karibu na sifuri, na za Juni na Julai ziwe za kiangazi. Mizani ya mchezo itapatikana hapo, kwa sababu Mjerumani atalazimika kushambulia wakati wa mvua, ilhali Mwingereza kazi yake itakuwa kuvumilia.

Mwalimu wa Historia, Kondoa

Ninaunga mkono, lakini kuna kitu ambacho kanuni za Stalingrad hazina na ambacho pambano la Kondoa haliwezi kukikosa. Kuanzia kwenye reli kwenda kaskazini hapakuwa na treni, na magari yalikuwa machache na yanazama. Vita ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30, na yeye mwenyewe alipaswa kula njiani. Tuseme amebeba kilo 25 za nafaka na anakula kilo moja kwa siku: akitembea siku tano kwenda na siku tano kurudi, jeshini zitafika kilo 15. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, zitafika kilo tano tu. Kwa hiyo ugavi katika mchezo wako usisambae kwa vyumba kadhaa kisha ukome ghafla kama unavyofanya kwenye reli ya Don. Upungue kwa kila chumba, na idadi ya wapagazi nayo ipungue kwa maradhi na uchovu kila zamu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wapagazi waliokufa katika vita ile ni wengi kuliko askari, na jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Jambo la pili ni vyakula vya vijijini. Ramani yako haitakuwa tupu kati ya Kondoa na Dodoma. Kulikuwa na Warangi, Wasandawe na Wagogo, wenye maghala na mifugo, na majeshi ya pande zote mbili yalikula humo. Yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilizofuata zilipokataa, Ugogo ukaingia katika njaa kubwa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Ningependa kila chumba chenye kijiji kiwe na akiba ya chakula yenye namba, na kila kikosi kinachopita kikiwa hakina ugavi kiweze kuila akiba hiyo. Namba hiyo isirudi juu. Mwisho wa mchezo, kabla ya kuhesabu nani ameshika Dodoma, kila mchezaji apunguziwe alama kwa kila kijiji alichokimaliza. Najua kwamba majenerali wa mwaka 1916 hawakupunguziwa alama yoyote kwa ajili hiyo, lakini sisi tunaoutengeneza mchezo huu hapa hatulazimiki kuhesabu kama wao.

Mkaazi wa Ng'ong'ona

Nimekubali yote mawili. Mwishoni mwa wiki nitachora ramani na kuiweka hapa ili ikosolewe. Mwalimu, ninakuomba unisaidie kuweka vijiji mahali pake, hasa upande wa Usandawe ambao siufahamu, na Fundi anisaidie na kiwango cha kupungua kwa ugavi kwa kila chumba, kwa sababu nikitumia hesabu ya wapagazi kama ilivyo, nina hofu kwamba Mjerumani hatafika Kondoa kabisa akiwa na nguvu za kushambulia usiku ule wa tarehe 9.

Fundi wa Kisasa

Atafika, mradi umruhusu akusanye akiba Dodoma kwa zamu mbili kabla ya kuondoka. Weka kanuni kwamba kikosi kinachokaa kituoni bila kutembea kinajaza mizigo ya wapagazi wake hadi ukomo, kisha kinaondoka nayo. Tukijaribu mezani tutajua kama zamu mbili zinatosha au zinahitajika tatu.